Muulize Anayetoka

Kwake hakuna mama aliyeruhusiwa kumtoroka mtoto. Hiyo ndiyo sheria iliyotangulia nyingine zote, na aliisema hata kabla hujamtajia jina la mwanao. Wengi wetu tulikuwa tumezoea ujanja wa mama wa kibarua: unamkalisha mtoto chini, unamwonyesha kijiko, akigeuka kukishika wewe unanyata, unaenda zako. Yeye ujanja huo hakuutaka. Ulisimama mlangoni, ukamshika mtoto mkono, ukamwambia unaenda wapi na utarudi lini, hata kama ni kichanga kinachotazama dari. Kisha ulimgeuzia mgongo bila haraka, naye akiwa amempakata ili auone mgongo huo ukishuka ngazi. Mtoto alilia, bila shaka. Ukiwa huko chini uliisikia sauti ya mlezi huyo ikimwambia mtoto maneno yale yale ya kila asubuhi: "Umemwona? Ameaga. Atarudi."

"Mtoto wa kutorokwa," alitueleza, "anachunga mlango siku mzima. Hali, halali, hachezi. Lakini mwenye ameagwa analia mara moja, anamaliza."

Tulimwita Susu, jinsi Wakamba wanavyomwita bibi, na watoto wa kila kabila katika ploti ile ya Kayole walijua jina hilo kabla ya kujua la baba zao. Alikuwa na chumba kimoja ghorofa ya kwanza, si mbali na Spine Road, na humo ndimo sisi tuliokwenda kubahatisha kibarua Industrial Area tulikuwa tukiwaacha watoto. Jina lake halisi nililijua. Sitaliandika, kwa sababu hata yeye hakulipenda. Alisema ni jina la kuitiwa ofisini, na ofisini hakukuwa na jambo jema lililowahi kumwita.

Mdomo wake ulikuwa mkali, nami sitautia sukari sasa kwa kuwa namkumbuka. Kuna dada mmoja, mgeni wa ploti, aliyemleta mtoto siku ya kwanza akiwa amebandika kucha ndefu za rangi ya waridi. Susu akazitazama weee, akauliza, "Sasa hizo ni za kutoa mtoi kamasi ama ni za kuchimba viazi?" Yule dada alilia mpaka stejini kwenye matatu. Lakini mvua zilipoanza na kifua kikambana, aliyepanda hadi ghorofa ya tano na thamosi ya uji ni Susu huyo huyo, akisonya kila ngazi. Alipofika juu akamwambia, "Haya, leo kucha zimepata kazi. Shika kikombe."

Alivaa soksi ndani ya ndara, mwaka mzima, na sweta ya kijani ya shule ambayo hakuna mtoto wake aliyewahi kuisomea. Chai alikunywa baridi, si kwa kupenda, ila aliisahau kila mara alipoipika. Redio yake iliimba nyimbo za injili za Kikamba kwa sauti ya chini, na habari zikianza aliizima, akisema watoto wanasikia. Mchana watoto wakilala, yeye alijilaza kwenye kizingiti, mwili mzima umeziba mlango, ili atakayeingia au kutoka lazima amkanyage kwanza. Niliwahi kumkuta hivyo siku tuliyorudishwa mapema kutoka geti la kiwanda kwa kukosa umeme. Jicho moja lilikuwa wazi. "Wewe umerudi kabla ya saa yenye ulimwambia," alinigombeza. "Sasa kesho atakungoja saa hiyo."

Hata kurudi mapema, kwake yeye, kulikuwa kosa.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane hadi ploti za mbali halikuwa kulea. Lilikuwa kujua msaada uko wapi. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa na mama alijifungulia nyumbani. Baba ameruka mimba na mama hana maziwa. Mtoto amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Pacha wamezaliwa na hakuna hata blanketi. Wote walipanda ngazi zile. Na Susu hakuwa na ujuzi wowote wa vitabu wala mtu mkubwa aliyemjua. Alichokuwa nacho ni njia yake ya kuuliza.

"Msaada wa Nairobi hauna anwani," alikuwa akisema, "una siku." Alimaanisha kwamba jengo unaloonyeshwa linaweza kuwa lile lile, lakini yule daktari mwenye moyo huja siku moja kwa wiki, uji wa lishe hugawiwa siku nyingine, na ukienda siku isiyo yake utajibiwa na ukuta. Siku hiyo ungeijuaje? Hapo ndipo alipotukataza kuuliza dirishani, na kutukataza zaidi kuuliza walio kwenye foleni. "Anayeingia hajui kitu. Anatumaini tu kama wewe. Muulize anayetoka."

Kila Jumatano binti yake alitoka Makadara kuja kumshikia watoto, na Susu akashuka na mama yeyote mwenye shida. Walienda mpaka nje ya geti la ofisi au kituo cha afya, na hapo yeye akabaki ng'ambo ya barabara, kwa muuza mayai. Alitazama akina mama wakitoka. Alisoma uso, akasoma mikono: nani ametoka na dawa, nani ametoka na karatasi tu, nani ametoka akimfunga mtoto mgongoni kwa hasira. Kisha akamchagua mmoja na kumfuata. "Mama, samahani, wewe unatoka. Umepata nani huko ndani leo?" Watu walimjibu. Mtu aliyetoka kusaidiwa hutaka kusimulia, na mtu aliyetoka kunyimwa hutaka zaidi.

Ungefikiri mwanamke wa aina hiyo haogopi kitu. Susu aliziogopa ofisi kama paka anavyoogopa maji. Chumba chake hakikuwa na kibali cha kulea watoto, na hakuwahi kuthubutu kukiomba, maana angeomba wangekuja kutazama. Kwa hiyo alitufikisha sote getini, akatufundisha cha kusema, akatusukuma mgongoni tuingie. Yeye mwenyewe hakuingia kamwe. "Mimi nikiingia pale wataniuliza mimi ni nani," alisema, na hapo mazungumzo yalikwisha.

Na walikuwa na la kuona, tusidanganyane. Watoto walikuwa wengi mno kwa chumba kile. Jiko la makaa lilikaa karibu na mlango, nao mlango ndio uliokuwa njia pekee. Akishuka kuchota maji alivuta komeo kwa nje, watoto wamo ndani. Sisi akina mama tulilijua komeo hilo. Tulilisikia kwa masikio yetu, tukashuka ngazi tukaenda kazini, kwa sababu asiyemwacha mtoto kwa Susu alimwacha kwa dada yake wa darasa la tatu.

Sasa nije kwa mwanangu.

Brayo nilimpeleka akiwa wa kunyonya bado. Baba yake ni dereva wa masafa marefu, na siku hizo alikuja nyumbani kama mgeni, na zawadi, akaondoka kabla mtoto hajaizoea sura yake. Mimi nilikuwa kiwanda cha plastiki, beseni na mitungi, na kwetu ukichelewa getini wenzako wanachaguliwa wewe unarudi. Kwa hiyo asubuhi zilikuwa za mbio. Hata ile sheria ya kuaga niliifanya kama mtu anayemeza dawa: naenda kazini, nitarudi jioni, kwaheri.

Na Brayo hakulia. Nakumbuka nilivyojivunia jambo hilo. Wengine walishika nguo za mama zao, wakajitupa chini. Wangu alilala chali pale alipolazwa, akitazama dari kwa utulivu. "Huyu ni mtoto wa heshima," Susu alimsifu mbele ya wote. "Hata hujui kama yuko." Kiwandani niliwaambia wenzangu kwamba mimi Mungu alinionea huruma, akanipa mtoto asiyesumbua. Walinionea wivu. Katika maisha yetu mtoto asiyesumbua ni mali, na hakuna mtu anayeuliza kwa nini mali yake imenyamaza.

Asubuhi moja Susu alinizuia mlangoni. Hakuwahi kumzuia mama yeyote asubuhi; alijua bei ya kuchelewa.

"Mama Brayo, leo utachelewa."

Alimwinua mtoto kwa makwapa. Miguu ilinyooka ikawa kama miti, kisha ikapishana, mmoja juu ya mwingine, vidole vikielekea chini. Kando yao alikuwa mtoto wa yule dada wa kucha, mdogo kwa Brayo, ameketi wima akitafuna kiatu.

"Atasimama tu," nilisema. "Hata kwetu kuna watoto huchelewa."

"Hata kwetu wako," Susu akajibu. "Lakini hao tuliwaona wakikaa kwanza." Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na ugomvi hata kidogo, "Mimi ndio nimekuwa nikimsifu. Mtoto alikuwa ananiambia, mimi namsifu."

Nilienda kazini. Ndiyo, nilienda. Nilikimbia mpaka getini na nikachaguliwa, na siku nzima nikatazama beseni zikitoka kwenye mashine huku miguu ya mwanangu ikipishana machoni pangu.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama mkwe akasema achuliwe na mafuta ya samli. Jirani akasema ni mambo ya maombi, na kwamba mtoto hakulia alipozaliwa kwa sababu kuna mtu alimfunga ulimi. Ni kweli hakulia alipozaliwa. Hilo nilikuwa nimelisahau kwa furaha ya kumpata. Susu hakubishana na mtu. Jumatano baada ya Jumatano alimfunga Brayo mgongoni, akaenda kusimama nje ya mageti, akatazama wanaotoka. Mara ya kwanza hakupata kitu, wala ya pili. Ndipo siku moja akamwona mama anatoka na mtoto aliyevaa viatu vyenye vyuma vidogo pembeni, akamfuata mpaka stejini, akapanda naye gari lisiloelekea kwetu kwa sababu yule mama hakuwa amemaliza kusimulia. Jioni aliponikabidhi mtoto alikuwa amechoka, lakini macho yanang'aa. "Ni Jumanne," alisema. "Usipite mlango wa mbele. Zunguka nyuma, kuna chumba cha mazoezi. Muulize yule kijana mrefu."

Jumanne hiyo binti yake alikuja kuwashika watoto, nami nikapoteza kibarua cha siku, tukaenda. Susu akabaki ng'ambo, kwa muuza mayai.

Kijana mrefu alikuwepo. Alimlaza Brayo kwenye godoro, akamkunja na kumkunjua kwa mikono myepesi, akiongea naye kama mtu mzima. Kisha akaanza kuniuliza. Mtoto hula akiwa amekaa au amelala? Huegemea upande gani? Hushika kitu kwa mkono upi? Akichoka hufanya nini? Mchana hulazwa vipi?

Sikujua. Hakuna hata swali moja nililoweza kulijibu. Nilikuwa namjua mwanangu gizani tu, asubuhi na usiku. Mchana wake wote ulikuwa wa mtu mwingine. Nilianza kubuni majibu, kijana akaniangalia kwa upole ulionichoma zaidi ya dharau.

"Mama, hukaa na nani mchana?"

"Na mimi."

"Mama."

Ndipo nikasema ukweli. Kwamba kuna Susu, kwamba watoto ni wengi, kwamba chumba ni kimoja.

"Basi huyo ndiye namhitaji," alisema. "Wewe unampata akiwa amechoka. Haya mazoezi yatafanywa na mwenye anashinda na yeye. Yuko wapi?"

Nilivuka barabara. Susu alikuwa anamenya yai. Nilijua ninachomwomba, siwezi kujificha nyuma ya ujinga. Nilijua ofisi ni nini kwake, nilijua kuhusu lile komeo, nilijua kwamba akishaingia pale jina lake litaandikwa mahali.

"Susu, wanakutaka ndani."

Alilitazama geti. "Umewaambia tuko wangapi?"

"Nimewaambia ni wengi."

Aliliweka yai mfukoni mwa sweta, akafuta mikono kwa kanga, akavuta soksi zake juu kama mtu anayekwenda kusimama mbele ya hakimu. "Twende," akasema. "Mimi ndio nilimsifu."

Miezi iliyofuata sikumtambua. Alijifunza yale mazoezi kuliko mimi, na akayafanya kwa ukali ule ule wake wa kucha na viazi. "Wewe mzee, kunja goti! Unangoja nani akukunjie?" Brayo alicheka. Kijana alipotuambia mtoto anahitaji kiti cha kumshika mgongo na kumtenganisha miguu, Susu alimwendea shemeji yake, mchonga vinyago, akamwelekeza kwa vidole. Kiti kilikuja kimekaa sawasawa, ila kila mkono wa kiti ulikuwa na twiga, maana yule mzee hakuweza kugusa mti bila kutoa mnyama. Mwanangu alijifunza kukaa katikati ya twiga wawili. Alianza kwa kuinama huku na kule, kisha akanyooka. Na siku aliyosimama ameshika ukingo wa meza, Susu alinipigia simu kiwandani, nami nikaipokea nikiwa nimejificha nyuma ya mitungi, nikamsikia akipiga kelele, "Mama Brayo, iko wima! Iko wima!"

Kijana alikuja siku moja kutazama jinsi Brayo anavyolazwa. Akashukuru, akatoa ushauri kuhusu jiko, akaondoka. Baada ya muda wakaja wengine, wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Kama ni yeye aliyewatuma, au walikuwa wanapita ploti kwa ploti, hadi leo sijui. Najua tu kwamba kabla sijavuka barabara ile hakuna mtu wa ofisi aliyejua chumba kile kipo.

Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alimbeba mtoto aliyekuwa analia huku akiongea. Waliuliza, "Mama, siku moto utawaka, hawa watapitia wapi?" Tuliambiwa baadaye kwamba Susu alilitazama jiko, kisha mlango. Walisema atafute chumba kingine chenye dirisha, atafute mtu wa pili, aandike maombi. Mpaka hapo asipokee mtoto.

Kesho yake asubuhi tulisimama kwenye ngazi, kila mmoja na mwanawe. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani redio ilisikika. Akina mama walisogea mmoja mmoja, wakabisha, wakaongea naye kupitia ufa wa mlango, wakashuka. Yule dada wa kucha alikuwa amevimba kwa hasira. "Nani alienda kuchoma Susu kwa watu wa ofisi? Aki nikimjua huyo mtu!"

Nilikuwa mwanamke wa nne au wa tano kutoka mlangoni, Brayo mgongoni. Mbele yangu foleni ikapungua. Nikasikia sauti yake ndani ikimwambia mtu, "Nenda salama, mama, mtafutie kwingine." Nikageuka, nikashuka.

Nilijiambia nitarudi jioni. Jioni nilipita njia ya buchari, inayozunguka. Nikaipita kesho yake, na nikaipita miezi yote niliyobaki mtaa ule, mpaka muuza nyama akanizoea akadhani namtaka. Brayo nikampeleka kwa mama mwingine, karibu na chumba cha mazoezi, na baadaye nikahama kabisa, upande wa pili wa Kayole. Kiti cha twiga kilibaki kwa Susu. Badala yake nilikata mtungi mbovu wa kiwandani nikaupachika matambara, mwanangu akakaa humo, na nikawaambia watu kwamba hicho cha mbao kilikuwa kizito. Nilijidanganya pia kwamba namstahi, kwamba mtu aliyefungiwa kazi hapendi kutazamwa. Habari zilinifikia kwamba amehamia kwa binti yake Makadara. Nikashusha pumzi. Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Brayo alitembea. Anachechemea, na akikimbia mkono mmoja hujikunja kifuani, lakini anakimbia, anasoma, ananijibu jeuri kama watoto wengine. Na kila ninapomtazama akikata kona ya ploti na mpira, furaha haiji peke yake. Nyuma yake namwona mwanamke ameketi katika chumba kisicho na mtoto. Mbaya zaidi ni kwamba nikirudishwa leo kwenye barabara ile, nitavuka tena, nitamwita tena. Nimejaribu kujuta na nimeshindwa. Ni vigumu kuomba msamaha kwa jambo ambalo ungelirudia.

Wiki hii nilikuwa na Brayo kwenye kituo kimoja cha afya kando ya Jogoo Road, kutazamwa mguu. Tulitoka tumefurahi. Hapo nje ya geti mkono ukanishika kiwiko.

"Mama, samahani, wewe unatoka. Yule wa mazoezi yuko leo?"

Alikuwa ameinama kidogo kuliko zamani. Sweta ilikuwa ile ile, imefifia mpaka kijani chake hakina jina. Mgongoni alikuwa na mtoto wa mtu, na miguu ya mtoto huyo, iliyochomoza kwenye kanga, ilikuwa imenyooka na kupishana. Alikuwa bado ananitazama usoni kunisoma, kama nimetoka na dawa au na karatasi, kabla ya kuniona mimi.

"Yuko, Susu," nilijibu. "Mlango wa nyuma."

Hapo akanitambua. Kisha macho yakateremka kwa Brayo, yakafika miguuni, yakabaki huko. "Tembea," akamwamuru. Brayo, asiyemkumbuka, alinitazama mimi kwanza, kisha akaenda mpaka kwa muuza ndizi na kurudi. Susu aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Aiya," akasema. "Aiya, mzee wangu."

"Kiti chako kiko kwangu," akaniambia. "Huyu ndiye anakikalia sasa. Ametafuna twiga mmoja sikio."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno yale miaka yote. Yalitoka yote mara moja, hapo hapo barabarani, watu wakipita: kwamba ni mimi niliyevuka kumwita, kwamba ni mimi niliyesema kuna watoto wengi, kwamba walimfungia kwa ajili ya mwanangu, kwamba nimeishi na hatia hiyo.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akimtikisa mtoto mgongoni.

"Hiyo si yako," alisema. "Niliingia na miguu yangu. Na wale watu walikuwa wanasema ukweli, lile komeo lilikuwa linaninyima usingizi hata mimi. Hiyo usinibebee."

Nilianza kulia kwa kutua mzigo. Akaniacha nilie kidogo tu.

"Lakini siku ile nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango," akaendelea, "na nilikuwa nawahesabu kwa sauti. Mama huyu, mama yule. Nikasema Mama Brayo bado, yuko hapo kwa ngazi, nimesikia mtoto wake akikohoa. Nikangoja. Hata jioni sikutoka kwenda sokoni, nikasema atakuja amechelewa kazini." Alinitazama bila hasira, na heri angekuwa na hasira. "Wewe ulinitoroka, Mama Brayo. Hiyo ndiyo yako."

 Miaka yote nilikuwa nimebeba gunia lisilokuwa langu, nikalitumia kama kisingizio cha kutolitazama lililokuwa langu.

Mtoto mgongoni mwake akaanza kulalamika. Susu akamfungua, akampakata, uso wa mtoto ukinielekea. Nilijua anafanya nini kabla hajasema.

"Haya," akasema. "Sema."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi. "Naenda nyumbani, Susu. Kayole, upande wa juu. Nitampikia Brayo."

"Na utarudi lini?"

Nilitaka kusema siku moja, Mungu akipenda. Nikameza. "Jumamosi. Mchana, kabla ya chakula. Nitakuja kwa binti yako."

"Usiseme kama huwezi."

"Jumamosi."

Aliniachia mkono. Nikamgeuzia mgongo, bila haraka, jinsi alivyotufundisha, nikaanza kutembea na mwanangu akichechemea kando yangu. Nyuma nikaisikia sauti yake ikimwambia yule mtoto, "Umemwona? Ameaga."

Nilipunguza mwendo, nikisubiri neno la tatu. Hakulisema.

Kesho ndiyo Jumamosi.